Kuusoma Mpangilio wa Matini: Nafasi ya Sarufi ya Kiswahili katika Kufundisha Usomaji wa Matini za Maarifa



 Ni kawaida ya mihadhara ya Kiswahili kushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia, au sauti na maumbo ya maneno. Leo ninaomba ruhusa yenu nishughulikie maandishi ambayo ni nadra kupewa heshima ya jukwaa: kitabu cha jiografia, taarifa ya kamati, makala ya gazeti, mkataba wa mkopo, na kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa. Maandishi haya nitayaita matini za maarifa, kwa maana ya matini zisizo za kubuni, ambazo shabaha yake ni kuarifu, kueleza au kushawishi.

1. Utangulizi

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: tumfundisheje mwanafunzi kutambua jinsi matini ya maarifa ilivyopangwa? Hoja nitakayoitetea ni kwamba ishara za mpangilio katika Kiswahili hazimo katika viunganishi peke yake. Zimo pia, na mara nyingi kuliko tunavyodhani, ndani ya kitenzi na katika vionyeshi. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kufundisha usomaji wa matini za maarifa ni kazi ya mwalimu wa sarufi sawasawa na ilivyo kazi ya mwalimu wa ufahamu.

Jambo hili si la nadharia tupu. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hukutana na somo hilohilo kwa Kiingereza. Nchini Kenya, Kiingereza ndicho lugha ya somo hilo tangu madarasa ya juu ya msingi. Katika hali zote mbili, kipindi cha Kiswahili kinabaki kuwa mahali muhimu katika ratiba ya sekondari ambapo mwanafunzi anaweza kujifunza kuisoma hoja ndefu kwa lugha anayoimudu. Nafasi hiyo tukiipoteza, itakuwa vigumu kuifidia.

Nayo tunaipoteza katika zoezi la ufupisho. Mwanafunzi hupewa kifungu na kuambiwa akifupishe kwa maneno 60 au 70. Afanyalo ni kuchukua sentensi ya kwanza ya kila aya, kuipunguza maneno, na kuzipanga sentensi hizo moja baada ya nyingine. Kila sentensi aliyoandika ni ya kweli na imo katika kifungu, lakini uhusiano baina ya sentensi umepotea. Hatujui tena lipi ni sababu na lipi ni tokeo, lipi mwandishi analikubali na lipi amelitaja ili alikatae. Ni kama mtu aliyebomoa nyumba, akahesabu matofali yote, akasema nyumba ipo.

2. Mpangilio wa matini ni nini?

Wataalamu wa isimu matini wamelishughulikia suala hili kwa zaidi ya nusu karne. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 na katika makala zilizofuata, Bonnie Meyer wa Marekani alionyesha kwamba matini za maarifa hupangwa kwa njia chache kuu zinazojirudia. Walimu wengi leo huzitaja tano: maelezo ya sifa, mfuatano, ulinganishi, sababu na tokeo, na tatizo na suluhisho. Mwaka 1980, Meyer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la tisa. Walioufuata mpangilio wa mwandishi walipoandika walichokikumbuka, walikumbuka mengi zaidi kuliko wenzao, si mara tu baada ya kusoma bali hata wiki moja baadaye.

Sababu yake si ngumu kuiona. Anayeutambua mpangilio ana mahali pa kuliweka kila jambo alisomalo. Asiyeutambua hubeba mizigo isiyo na kapu. Kimoja kikidondoka, akiinama kukiokota vinadondoka viwili.

Ni muhimu hata hivyo tusiuchanganye mpangilio na mada. Habari ileile huweza kupangwa kwa njia tofauti, na ikipangwa tofauti husema jambo tofauti. Ninaomba nitoe mfano kutoka Ziwa Viktoria.

3. Habari moja, mipangilio mitatu

Zingatieni aya hizi tatu fupi, nilizozitunga kwa ajili ya mhadhara huu.

Aya ya kwanza: "Gugumaji lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika muongo uliofuata likaenea, likafunika ghuba na bandari. Kisha mbawakawa wanaokula majani yake wakaachiliwa ziwani, na eneo lililofunikwa likapungua."

Aya ya pili: "Gugumaji huongezeka upesi pale maji yanapokuwa na rutuba nyingi. Maji machafu ya miji, pamoja na mbolea inayokokotwa na mvua kutoka mashambani, hulirutubisha ziwa. Mmea uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake hugeuka zulia linalozuia mitumbwi."

Aya ya tatu: "Mitumbwi ilishindwa kupita. Kung'oa gugumaji kwa mikono hakukutosha, kwani lilichipua upya. Kutumia sumu kungehatarisha samaki na maji ya kunywa. Ndipo wakaachiliwa mbawakawa, ambao chakula chao ni mmea huo."

Mada ya aya zote ni moja: gugumaji katika ziwa. Lakini ya kwanza inajibu swali "ilikuwaje?", ya pili inajibu swali "kwa nini huwa hivyo?", na ya tatu inajibu swali "tulifanyaje?". Tazameni mbawakawa. Katika aya ya kwanza ni tukio mojawapo katika mlolongo. Katika aya ya pili hawamo kabisa. Katika aya ya tatu wao ndio jibu ambalo sentensi zote zilizotangulia zinalielekea. Kwa hiyo mwanafunzi akiifupisha aya ya tatu bila kuwataja mbawakawa, amekosa kiini. Akiifupisha ya kwanza akawataja kwa neno moja tu, hajakosa kitu. Hakuna orodha ya "mambo muhimu kuhusu gugumaji" itakayomsaidia kuamua. Kinachoamua ni mpangilio.

4. Ishara zilizomo katika kitenzi

Sasa tuulize: msomaji ameujuaje mpangilio wa kila aya? Vitabu vingi vya kiada humpa mwanafunzi orodha ya viunganishi: *kwanza*, *kisha*, na *hatimaye* kwa mfuatano, *kwa sababu* na *kwa hiyo* kwa sababu na tokeo, *ilhali* na *hata hivyo* kwa ulinganishi. Orodha hiyo ina faida yake. Ila tuitafute katika aya zetu. Katika aya ya pili, iliyo ya sababu na tokeo tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna *kwa sababu* wala *kwa hiyo*. Mwanafunzi anayewinda viunganishi angepita hapo mikono mitupu.

Mazoea haya ya kutegemea orodha yametokana, kwa maoni yangu, na kuchukua sehemu moja tu ya taaluma. Halliday na Hasan, katika kazi yao maarufu ya mwaka 1976, walieleza njia tano za mshikamano katika Kiingereza. Viunganishi ni moja tu kati ya hizo. Sisi tuliichukua hiyo moja, tukaitafsiri, tukaiweka ubaoni. Hatukuuliza Kiswahili chenyewe kina njia gani.

Linganisheni sentensi hizi nne:

(a) Mvua ilinyesha, mto ukafurika.
(b) Mvua iliponyesha, mto ulifurika.
(c) Mvua ikinyesha, mto hufurika.
(d) Mvua ingenyesha, mto ungefurika.

Hakuna hata moja yenye kiunganishi, na bado kila moja ina uhusiano wake. Katika (a), kiambishi -ka- kinatupa tukio lililofuata jingine, na mara nyingi kinadokeza kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Katika (b), -po- inalitia tukio moja ndani ya wakati wa jingine. Katika (c), -ki- pamoja na hu- zinatoa kanuni: kila mara hili litokeapo, lile hufuata. Katika (d), -nge- inatuambia kwamba mvua hiyo ni ya kudhania, na katika matini ya hoja hiyo ndiyo nyenzo ya kupima njia ambayo haikufuatwa. Rejeeni aya yetu ya tatu: *kungehatarisha* ndilo neno lililotujulisha kwamba sumu imetajwa ili ikataliwe.

Tofauti baina ya hu- na -li- inastahili kipindi kizima darasani. Anayeandika *mto ulifurika* anadai tukio. Anayeandika *mto hufurika* anadai kanuni. Madai hayo mawili huthibitishwa kwa ushahidi tofauti. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo huenda akalichukua tukio moja la historia akalifanya sheria ya maumbile.

Mbali na viambishi vya njeo na masharti, kuna kauli ya kutendesha. Tukisema *ukataji wa miti umekausha chemchemi*, sababu na tokeo vyote vimo ndani ya kitenzi kimoja. Kuna *ndi-*, ambayo huchagua kimoja na kuviacha vingine, na kwa hiyo huashiria ulinganishi hata pale ambapo kilichoachwa hakikutajwa. Tena kuna kionyeshi cha kurejelea, hasa *hayo* na *hilo*. Aya ikianza kwa *Hayo yote yalitokana na*, neno *hayo* linamwamuru msomaji arudi nyuma, ayakusanye yaliyosemwa, ayafunge pamoja kama fungu moja la matokeo. Msomaji asiyeitii amri hiyo hataielewa aya ifuatayo.

Mwanafunzi wetu haanzi mikono mitupu katika jambo hili. Tangu utotoni amesikia *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji*. Humo mna -ki- na hu- zilezile za sentensi yetu (c): sababu, tokeo, na kanuni. Amesikia *Usipoziba ufa utajenga ukuta*, ambamo mna tatizo, suluhisho lililopuuzwa, na gharama ya kulipuuza. Anayeielewa methali ana tayari mbegu ya kuielewa aya ya sayansi. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba sarufi ni ileile.

Wala uandishi wa namna hii haukuanza jana. *Desturi za Wasuaheli*, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 na ambayo sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, ni matini ya maarifa ya Kiswahili yenye umri wa zaidi ya karne moja. Mwandishi anaeleza desturi kwa kuifuata njia ya maisha ya binadamu, akianzia na uzazi, na anaziwasilisha kwa masharti: jambo fulani likitokea, watu hufanya hivi. Huo ni mpangilio ulioteuliwa kwa makusudi, na unastahili kusomwa hivyo katika shule zetu.

5. Mfano mpana: Azimio la Arusha

Mpaka hapa nimezungumzia aya. Tupande sasa hadi kwenye matini nzima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina sehemu tano: itikadi ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, na azimio lenyewe. Sehemu ya tatu ndiyo ndefu, na ndiyo iliyosomwa zaidi mashuleni. Siingii katika mjadala wa iwapo siasa hiyo ilifanikiwa au la. Ninaitazama kama mwanaisimu aitazamavyo matini.

Vijana wengi wa Tanzania wanaweza kuvitaja kwa ghibu vitu vinne vinavyohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Waulizeni vitu hivyo vimetajwa wapi katika Azimio, na vinajibu swali gani. Hapo wengi hunyamaza. Wamehifadhi orodha, yaani wameisoma matini kana kwamba mpangilio wake ni wa maelezo ya sifa.

Lakini sehemu ile haikupangwa kwa orodha. Imepangwa kwa tatizo na suluhisho, tena kwa namna iliyo makini. Inaanza kwa kulitaja tatizo: taifa limo katika vita dhidi ya umaskini na dhuluma. Kisha inaleta suluhisho ambalo wengi walilishika wakati huo, yaani fedha, na inalipinga hatua kwa hatua. Kwanza, mnyonge hana fedha ya kuifanya silaha. Pili, fedha ya nje haitoshi. Tatu, hata kama ingetosha, zawadi na mikopo vingeutia uhuru hatarini. Nne, kuitegemea fedha kumesababisha kutilia mkazo mno viwanda, huku anayeubeba mzigo wa kulipa akiwa mkulima. Ni baada ya kuliondoa suluhisho hilo njiani ndipo matini inapotamka kwamba fedha ni tokeo la maendeleo wala si msingi wake, na papo hapo ndipo vitu vile vinne vinapotajwa.

Kwa hiyo vitu vinne si orodha iliyosimama peke yake. Ni upande wa pili wa ulinganishi, na upande wa kwanza ni fedha. Mwanafunzi anayevitaja bila fedha amekata sentensi katikati. Anayeukubali msimamo huo hajui anakubali nini, na anayetaka kuupinga hajui aupinge wapi. Ndiyo maana ninasema kwamba kuusoma mpangilio si mapambo ya usomaji; ni sharti la kukubali au kukataa kwa akili.

6. Darasani

Mwalimu afanyeje? Ninapendekeza hatua nne, ambazo hazihitaji kifaa zaidi ya kitabu na chaki.

Hatua ya kwanza ni swali. Kabla ya kuuliza maana ya maneno magumu, wanafunzi waulizwe: matini hii inajibu swali gani? Wasome kichwa, vichwa vidogo, aya ya kwanza na ya mwisho, kisha waliandike swali hilo kwa sentensi moja. Wakitofautiana, ni vizuri. Tofauti hiyo itaamuliwa na matini.

Hatua ya pili ni ushahidi. Kila anayedai kwamba matini ni ya sababu na tokeo, au ya mfuatano, aonyeshe ishara: kiunganishi, kiambishi, kauli ya kitenzi, au kionyeshi. Hapa ndipo somo la sarufi linapopata kazi ya kufanya. Mwanafunzi anayechambua -ki- katika sentensi iliyotengwa huiona kama adhabu. Anayeichambua ili ajue mwandishi amemaanisha nini huiona kama ufunguo.

Hatua ya tatu ni mchoro. Kwa mfuatano, mstari wenye vituo. Kwa ulinganishi, jedwali la safu mbili. Kwa sababu na tokeo, mishale. Kwa tatizo na suluhisho, ngazi inayoonyesha pia suluhisho lililokataliwa. Mwanafunzi auchore yeye mwenyewe. Mchoro uliokwisha kuchorwa na mwalimu hugeuka kitu kingine cha kunakili.

Hatua ya nne ni kuandika. Ufupisho uandikwe kutoka kwenye mchoro, kitabu kikiwa kimefungwa. Baadaye, mwanafunzi apewe habari ileile aiandike kwa mpangilio mwingine, kama tulivyofanya kwa gugumaji. Aliyewahi kupanga mwenyewe hutambua haraka walivyopanga wengine.

7. Pingamizi mbili

Kuna watakaosema kwamba matini halisi huchanganya mipangilio, na kwamba orodha ya aina tano ni ndogo mno. Ni kweli kwamba huchanganya. Azimio lina ulinganishi ndani ya tatizo na suluhisho. Jibu langu ni kumfundisha mwanafunzi kutofautisha mpangilio unaotawala matini nzima na ile inayoitumikia katika aya. Aina tano ni mahali pa kuanzia. Mwanafunzi wa chuo kikuu atazikuta nyingine.

Wengine watahofu kwamba majina ya mipangilio yatakuwa mzigo mpya wa kukariri. Hofu hiyo ina msingi. Mtihani ukiuliza "Taja aina tano za mpangilio", tutakuwa tumerudi kulekule kwenye vitu vinne. Pia ishara zenyewe hazina maana moja isiyobadilika: -ki- ya *nilimwona akilima* si ya sharti. Ishara husomwa ndani ya matini, na mtihani mzuri ni ule unaompa mwanafunzi matini asiyoijua na kumtaka aonyeshe jinsi ilivyoshikana.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mpangilio ni sehemu ya maana, kwamba Kiswahili kinauashiria kwa njia zake chenyewe, na kwamba njia hizo tayari zimo katika mihutasari yetu ya sarufi zikingoja kuunganishwa na usomaji. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazofupisha maandishi kwa nukta chache. Zinaweza kumpunguzia mtu kazi. Lakini ni nani atakayejua kama muhtasari wa mashine umeitunza hoja au umeivunja, ikiwa hatutamlea msomaji anayeweza kuiona hoja hiyo?

Ninamaliza kwa sentensi mbili ambazo raia yeyote anaweza kukutana nazo katika mkataba. Ya kwanza: *Mkopaji akichelewesha rejesho na asipotoa taarifa, dhamana itauzwa.* Ya pili: *Mkopaji akichelewesha rejesho au asipotoa taarifa, dhamana itauzwa.* Katika ya kwanza, masharti yote mawili lazima yatimie ndipo nyumba iuzwe. Katika ya pili, moja linatosha. Mama mwenye duka dogo atakayetia sahihi yake chini ya mojawapo ya sentensi hizo hatakuwa na mwalimu pembeni. Alichojifunza katika kipindi cha Kiswahili ndicho atakachokuwa nacho.